Besi ya nyuzi sita, saba au shingo mbili: anza na nyuzi, mbao baadae

Watu wengi wakishapata wazo la kutengeneza gitaa la besi la nyuzi saba au la shingo mbili, kitu cha kwanza wanakimbilia mbao, na hapo ndo kazi inapoharibikia. Mbao subiri kwanza. Nunua nyuzi, nunua briji (kile kipande kinachoshika nyuzi kwenye bodi), nunua na funguo za kukazia, viweke mezani alafu uvipime kimoja kimoja, maana hivo ndo vitakwambia shingo iwe pana kiasi gani.

Hesabu yenyewe ni hii. Nyuzi sita zikiachana milimita 18 pale kwenye briji unapata nafasi tano, yani milimita 90 toka uzi wa kwanza mpaka wa mwisho, unaongeza kidogo pembeni ili uzi usichomoke ukingoni ukibonyeza. Saba kwa milimita 17 ni 102. Kwenye nati sasa (kile kipande chenye mifereji ya nyuzi kule karibu na kichwa cha shingo), usipime katikati ya uzi kwa katikati ya uzi, pima ule uwazi uliopo kati yao, kwa sababu B ya chini (uzi wa sauti nzito) ina unene wa kama milimita 3.3 na C ya juu (uzi wa sauti nyembamba) haifiki hata 1, kwa hiyo ukipima katikati zile nene zinabanana na kidole kinakosa pa kupita.

Mpangilio wa B ya chini na C ya juu sio wa leo, mpiga besi Anthony Jackson alitengenezewa besi ya nyuzi sita na fundi Carl Thompson mwaka 1975. Shida ya hiyo B ni kwamba iko kama hezi 31, na kwenye urefu wa kawaida wa uzi, toka nati mpaka briji, wa inchi 34 inalegea kirahisi, ndo maana wengi wanaenda 35 au wanatandaza freti (zile pau za chuma kwenye shingo) kama feni, upande wa besi inchi 37 na upande mwembamba 34. Kuchora feni sio ngumu: chukua urefu wa kila upande, gawa kwa 17.817, hapo ndo freti ya kwanza ukipima toka nati, kinachobaki gawa tena kwa 17.817, endelea hivohivo, alafu unganisha alama za pande mbili kwa rula. Ukifika ya 12 lazima iwe nusu kamili ya urefu, kama sio nusu futa urudie.

Shingo ndo roho ya kazi yote, naomba usiibanie hela. Nyuzi sita zinavuta kama kilo 100 kwa pamoja! Yangu ya kwanza ya nyuzi saba niliweka trasi rodi (chuma cha ndani ya shingo cha kuinyoosha) moja kwenye kipande kimoja cha mbao, ndani ya miezi michache upande wa B ukajikunja ukaacha mwenzake, na rodi moja hainyooshi msokoto, iliniuma sana. Siku hizi naunganisha vipande vitano, mishipa ya mbao imesimama wima, kila kipande nakigeuza kinyume na jirani yake, af rodi mbili na vijiti vya kaboni pembeni.

Ya shingo mbili adui ni uzito. Kata plaiwudi kwa umbo kamili, funga mkanda, simama nayo nusu saa, uone kama mkono wa kulia unafika shingo ya chini bila kugonga ya juu. Bodi ichimbwe matundu kwa ndani, na kama unaweza ondoa vichwa vya shingo kabisa, funguo zikae kwenye briji, kichwa hakitakuvuta chini tena. Kila shingo iwe na pikapu zake (vile vya sumaku vinavyonasa sauti ya nyuzi) na swichi ya kuchagua, kwa sababu nyuzi za shingo usiyoipiga zinaitikia zenyewe na zinaingia kwenye spika. Pikapu chagua zenye sumaku ndefu moja, zile za vidoti hazitalingana na nafasi zako.

Briji usiitoboe kwa haraka. Ule uzi mwembamba kabisa ndo ukae kwenye urefu halisi huku kitako chake (kile kipande cha briji uzi unapolalia) kimesogezwa mbele karibu mwisho, kwa sababu B itahitaji kurudi nyuma milimita kadhaa ndo ityuni vizuri kwenye freti ya 12. Ukishaweka nyuzi zote iache wiki nzima imekazwa, ndo ulinganishe freti.