Namna ya Kupanga Tomu za Drams Bila Kuuchosha Mwili

Upangaji wa tomu, yaani zile ngoma za drams zinazokaa juu mbele ya mpigaji na ile kubwa ya sakafuni kando yake, huanzia kwenye kiti. Rekebisha urefu wake hadi mapaja yateremke kidogo kuelekea magotini na nyayo zikae juu ya pedeli bila kukaza nyonga, kisha weka snea, ile ngoma fupi yenye nyuzi za chuma chini yake, katikati ya magoti, ukingo wake ukipita mapaja kidogo tu. Hayo yasipotulia, kazi yote ya baadaye ni ya kubahatisha, kwa maana ukipandisha kiti hata kwa sentimita 3, mikono nayo hupanda na kila pembe uliyoipanga hubadilika.

Sasa shika vijiti, legeza mabega, acha viwiko vining'inie karibu na mbavu, ufumbe macho na kuuhamisha mkono kutoka kwenye snea kuelekea mahali ambapo tomu ya kwanza itakaa. Pale kijiti kinapotua chenyewe ndipo katikati ya ngozi panapopaswa kuwa. Tomu ndiyo inayoufuata mkono, na mpigaji anayelazimika kuinua bega ili aifikie ameiweka juu mno au mbali mno.

Mwinamo ndio unaowasumbua wengi. Tomu iliyoinamishwa sana kumwelekea mpigaji huonekana rahisi kuifikia, lakini ncha ya kijiti huichoma ngozi badala ya kuigonga: ngozi hubonyea, sauti hufifia, na kijiti hakirudi juu chenyewe, hivyo kifundo cha mkono hufanya kazi ambayo ngozi ingeifanya. Ikilazwa kabisa huku ikiwa juu, kijiti hugonga ukingo. Ninachopendelea ni mwinamo mdogo kabisa unaokuwezesha kupiga katikati bila kugusa ukingo. Pengine tomu haishuki kwa sababu chini yake kuna ngoma ya besi yenye kipenyo cha inchi 22, au tomu yenyewe ina kina kirefu. Hapo usiikimbilie pembe kali, bali ihamishie kwenye stendi ya simbali (zile sahani za chuma zinazopigwa), au kwenye stendi ya snea inayokitosha kipenyo chake, na uisogeze kushoto kidogo. Wenye tomu moja tu ya juu hufaidika zaidi, kwani nafasi inayobaki kulia huileta simbali kubwa karibu.

Tomu ya sakafuni iwe na ngozi iliyo karibu sawa kwa kimo na ile ya snea, isiuguse mguu wa kulia unapokanyaga pedeli. Anayepiga kwa mkono wa kushoto ageuze pande zote. Simbali zifuate mwisho.

Piga polepole ukizunguka ngoma zote kwa dakika kadhaa, kisha weka alama za utepe kwenye zulia na ukaze vibano vya kumbukumbu, yaani vile vinavyoshika kimo na pembe ili tomu irudi palepale ukiifunga tena, kwenye vyuma vya tomu. Bega la kulia likichoka mapema, isogeze kwanza tomu ya sakafuni karibu nawe kabla ya kubadilisha mwinamo wowote.