Somo: Rufaa ya kesi ya mauaji iliyojengwa juu ya maneno ya mdokezi

Hili ni la familia za Nairobi zenye mtu wao katika gereza la Kamiti au Lang'ata, aliyetiwa hatiani na Mahakama Kuu kwa mauaji. Naomba mlisome taratibu. Rufaa nyingi huandikwa kama barua ya kuomba huruma, ilhali majaji wanatafuta kosa ndani ya ushahidi.

Hatua ya 1. Wahini siku 14 za kuwasilisha notisi ya rufaa. Aliye gerezani huipitisha kwa mkuu wa gereza. Muda ukipita, ombeni nyongeza na mseme ukweli kuhusu kilichowachelewesha.

Hatua ya 2. Pateni mwenendo wa kesi, yaani rekodi ya yaliyosemwa kortini, uliopigwa chapa, pamoja na hukumu.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye kazi. Pigeni mstari kila mahali mpelelezi aliposema alipata habari kwa mdokezi, kisha mtazame kama mdokezi huyo aliwahi kupanda kizimbani. Sheria ya Ushahidi haimlazimishi polisi kumtaja anayempa habari, na ni sawa, maana maisha ya mtu yako hatarini. Lakini kesi ya Kigecha Njuga ya 1965 iliweka wazi: upande wa mashtaka ukitaka mahakama isikie undani wa alichosema mdokezi, sharti aje mwenyewe kutoa ushahidi. "Nilidokezewa, nikaenda Dandora, nikamkamata" inaeleza tu kwa nini polisi alikwenda. "Niliambiwa huyu ndiye aliyemdunga kisu" ni maneno ya kuambiwa, hayamtii mtu hatiani.

Sasa yaondoeni maneno hayo na mwone kinachobaki. Kama ni shahidi mmoja aliyemwona mtu gizani kwa muda mfupi, mna rufaa ya kupigania. Kama simu ya marehemu ilikutwa chumbani mwa mshtakiwa, naye hakuweza kueleza ilifikaje, hoja ya mdokezi peke yake haitamtoa.

Na kama mdokezi alifika? Chunguzeni alichonufaika nacho. Je, alikuwa mshukiwa kwanza, kisha akaachiliwa? Maelezo aliyoandikisha polisi yanalingana na aliyosema kortini?

Hatua ya 4. Andikeni sababu chache za rufaa, kila moja ikitaja ukurasa wa mwenendo wa kesi unaoionyesha. Majaji watatu wa Mahakama ya Rufaa wana wajibu wa kuupima upya ushahidi wote, kama ilivyosemwa katika kesi ya Okeno ya 1972.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Shiku, Kayole: Wakili, mwanangu hana hela ya kuweka mtu. Nifanyeje?

Jibu: Pole, mama. Ombeni msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016. Mwambie aombe mapema, asingoje tarehe ya kusikizwa.

Otieno, Kariobangi: Kuna jirani aliona kila kitu lakini aliogopa kusema. Anaweza kuitwa sasa?

Jibu: Ni vigumu, ndugu yangu, kwa sababu korti itauliza kwa nini hakupatikana wakati wa kesi. Rufaa ikishindwa, Ibara ya 50(6) ya Katiba inaruhusu kuomba kesi mpya Mahakama Kuu, mradi ushahidi ni mpya na mzito.

Halima, Eastleigh: Kaka alihukumiwa kifo. Jaji alisema hana la kufanya, sheria imemfunga.

Jibu: Dada, Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2017, katika kesi ya Muruatetu, kwamba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa mauaji ni kinyume cha Katiba. Pingeni adhabu pamoja na hatia, ndani ya rufaa hiyohiyo.