Umewapa kuku dawa? Hesabu siku kabla ya kuchinja

Broila wangu hutoka wiki ya 5 au ya 6, na hapo ndipo wengi tunapoharibu. Kuku wanaanza kukoroma, mteja keshapiga simu, unamimina dawa kwenye maji leo, keshokutwa unachinja. Mabaki ya ile dawa anayala mteja.

1. Jua kwanza wanaumwa nini. Kideri na gumboro ni virusi, OTC (oxytetracycline, antibiotiki ya kuua bakteria) haifui dafu. Hizo ni za kuchanja: kideri siku ya 7, gumboro ya 14, kideri tena ya 21. Kinyesi chenye damu mara nyingi ni koksidiosisi, ugonjwa wa vimelea vya utumbo, ambao dawa yake ni nyingine, mfano amprolium. Mpelekee daktari wa mifugo kuku aliyekufa muda huo huo ampasue. Mimi niliwahi kunywesha OTC wiki nzima kuku wenye kideri. Nilizika karibu banda zima, na hela ya dawa juu.

2. Geuza pakiti. Nyuma, kwa herufi za kutafuta na tochi, kuna siku za kusubiri: za nyama mbali, za mayai mbali. Ikiandikwa isitumike kwa kuku wanaotaga, usitumie. Enrofloxacin nyingi, nayo ni antibiotiki, zimeandikwa hivyo. Marekani waliipiga marufuku kwa kuku mwaka 2005, baada ya bakteria wa Campylobacter, wanaosababisha watu kuharisha, kuwa sugu kwa dawa za jamii hiyo.

3. Pima maji. Jana walikunywa lita ngapi? Changanya kwa kiasi hicho, si kwa kijiko cha kukadiria. Maliza dozi hata wakichangamka siku ya pili.

4. Hesabu. Hapa ndipo watu wanapojidanganya: siku zinaanza baada ya dozi ya mwisho, si ya kwanza. Dozi ikiisha tarehe 7 na pakiti inasema nyama siku 7, unahesabu tarehe 8 hadi 14, unachinja kuanzia 15. Naandika kwa chaki mlangoni: DAWA MWISHO 7. USICHINJE MPAKA 15. Kijana wa bandani akibadilika, mlango unabaki. Osha vinyweo vyote, na hakikisha chakula cha kumalizia hakina dawa ndani.

5. Mayai ya siku hizo hayauzwi, wala hapewi jirani. Kuyachemsha si suluhisho, maana dawa nyingine zinastahimili moto. Trei zake nazipiga alama ya mkaa, jioni tunayafukia.