Transista Imefunga, Inakuza au Imeshiba? Mita Itakuambia

Rilei (swichi inayovutwa na sumaku ya koili) ya volti 12 inayowashwa kwa ishara ya volti 5 hufundisha tabia za transista, kifaa ambacho mkondo mdogo hutawala mkubwa, kuliko taa ndogo, kwa sababu taa huwaka hata kwa mkondo hafifu, ilhali rilei hugoma waziwazi.

Hatua ya kwanza: shika transista ya BC547 upande wake bapa ukiwa mbele yako na miguu ikielekea chini. Kuanzia kushoto utakuta kolekta, besi na emita: mkondo mdogo wa besi hutawala ule mkubwa unaotoka kolekta kwenda emita. Kwenye transista nyingine, PN2222A, mpangilio huo umegeuzwa, jambo lililowahi kunipotezea jioni nzima. Unganisha emita na hasi, kisha weka koili ya rilei kati ya kolekta na volti 12. Sambamba na koili funga diodi (hupitisha mkondo upande mmoja tu) ya 1N4007, mstari wake ukielekea chanya, maana mkondo ukikatwa ghafla koili huzalisha volti za kuweza kuiua transista.

Hatua ya pili: unganisha besi na hasi, kisha pima kati ya kolekta na emita. Mita ikisoma takriban volti 12, transista imefunga, yaani haipitishi mkondo.

Hatua ya tatu: itoe besi kwenye hasi, uilishe volti 5 kupitia rezista ya kilo-omu 47. Besi hubakiza karibu volti 0.7, kwa hiyo volti 4.3 zinasukuma miliampia 0.09 hivi. Transista ikikuza mara 200, kolekta itapitisha miliampia 18. Koili ya omu 400 itapata volti 7.3, na 4.7 zitabaki juu ya transista zikigeuka joto. Hili ndilo eneo la ukuzaji, linalofaa amplifaya lakini si rilei. Tena ukuzaji wa BC547 huanzia 110 hadi 800 kutegemea kundi lake, hivyo saketi inayofanya kazi kwa transista hii inaweza kugoma ukibadilisha nyingine ya jina lilelile.

Hatua ya nne: usiutegemee ukuzaji huo. Koili inataka miliampia 30. Gawanya kwa 10, upate miliampia 3 za besi. Gawanya volti 4.3 kwa mkondo huo, utapata omu 1,433, na rezista ya kilo-omu 1.5 inatosha. Sasa kolekta husoma sehemu ya kumi ya volti hivi, yaani iko chini ya volti za besi: transista imeshiba, imefunguka kabisa.

Hatua ya tano: hamisha koili na diodi yake, ziwe kati ya emita na hasi, na kolekta iende moja kwa moja kwenye volti 12. Rilei itanyamaza. Katika mpangilio huu emita huifuata besi ikiwa chini yake kwa volti 0.7, hivyo koili hupata takriban volti 4.2 tu, na hata ukipunguza rezista ya besi hadi omu 100, haitavuka 4.3.