Siku moja Disneyland Paris ukiwa peke yako: mambo ya kupanga ukiwa bado Nairobi

Ukienda bustani ya burudani na wenzako, kuna wa kukushikia mkoba unapoingia msalani, wa kukumbuka mlikopita, na wa kusema "hebu tuketi kidogo" kabla hujajua kwamba umechoka. Ukienda peke yako, kazi hizo zote zinabaki kwako. Nilibakiwa na siku moja baada ya warsha ya wiki nzima Paris, nikaitumia Disneyland bila mwenzi, na tangu nirudi watu kadhaa wameniuliza nilijiandaa vipi. Huwa nawaambia wakae chini na karatasi, waandike kila jambo ambalo mwenzao angewafanyia siku hiyo, kisha watafute cha kushika nafasi yake kabla ya kufika JKIA.

Viza ndiyo ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayokula muda. Mwenye pasipoti ya Kenya anahitaji viza ya Schengen, yaani ile ya pamoja ya Ufaransa na nchi nyingine nyingi za Ulaya. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasifike chini ya siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, ila linaweza kuvutwa hadi 45, na hapo hujahesabu siku za kusubiri miadi ya kupeleka karatasi zako. Ada ya mtu mzima imekuwa euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, na iwe na angalau miezi 3 ya uhai baada ya siku utakayotoka Ulaya. Utatakiwa pia bima ya safari ya kiwango kisichopungua euro 30,000. Wengi wetu hununua bima hiyo ili tu fomu ikamilike, wala hatuisomi. Wewe isome. Uandike namba ya bima na simu ya dharura kwenye karatasi, uiweke mfukoni, maana siku utakayoihitaji hakuna wa kukutafutia kwenye barua pepe.

Tiketi ya bustani usiikimbilie kabla ya viza kutoka. Huuzwa mtandaoni kwa tarehe, na bei hubadilika kulingana na siku. Kabla ya kuchagua tarehe, angalia kalenda ya shule za Ufaransa: nchi imegawanywa kanda tatu, A, B na C, na likizo za Februari na za masika hupishana kati ya kanda hizo. Paris iko kanda C. Jumanne au Alhamisi ambayo watoto wako darasani ni siku tofauti kabisa na Jumamosi ya likizo. Ujue pia kwamba bustani ni mbili, zimepakana: ya kwanza ilifunguliwa tarehe 12 Aprili 1992, ya pili mwaka 2002. Kwa mtu mmoja mwenye siku moja, ningechukua ile ya kwanza peke yake. Kukimbia huku na kule kati ya bustani mbili kunachosha, na ukirudi nyumbani unakuwa na picha za mageti tu.

Pesa. Kadi ya M-Pesa GlobalPay inafaa kununulia tiketi ukiwa nyumbani, lakini ni kadi ya mtandaoni, haina plastiki ya kuingiza kwenye mashine. Kwa hiyo beba kadi halisi ya benki, na uijulishe benki tarehe na nchi unayokwenda. Mimi niliijulisha benki yangu, na bado kadi ilikataliwa mara mbili siku ya kwanza. Kilichoniokoa ni noti za euro nilizobadilisha mjini kabla ya kuondoka, nikazigawa sehemu mbili, nusu mfukoni na nusu ndani ya begi. Ukiwa na mwenzako unaazima kwake. Ukiwa peke yako, mfuko wa pili ndio mwenzako.

Simu nayo ndiyo ramani, tiketi, saa na njia yako ya kuwafikia watu wa nyumbani, kwa hiyo ikizima umebaki kama mtoto aliyepotea sokoni. Soketi za Ufaransa ni za pini mbili za mviringo, zetu ni tatu za bapa. Nunua adapta hapa, Luthuli Avenue zimejaa tele. Pawabenki ibebe kwenye mzigo wa mkononi, kamwe usiiweke ndani ya sanduku linaloingia tumboni mwa ndege, na isizidi saa-wati 100, yaani kama mAh 27,000. Pakua mapema programu ya bustani, inayoonyesha dakika za kusubiri katika kila mchezo. Hifadhi picha ya tiketi na ramani ya jiji kwenye simu, zifunguke hata intaneti ikikosekana.

Sasa mwili, jambo ambalo watu hulipita haraka. Siku nzima utakuwa umesimama au unatembea. Viatu vipya viache. Wiki chache kabla ya safari nilikuwa naingia msitu wa Karura kila Jumamosi na viatu vile vile nilivyokusudia kuvaa, natembea saa tatu nne, hadi nikajua kisigino kipi kitaleta matata. Jipime pia kwa michezo yenyewe. Kama hujawahi kupanda chochote, nenda Two Rivers upande lile gurudumu kubwa, uone tumbo lako linasemaje. Hyperspace Mountain, kigari cha reli cha kasi, inakurusha gizani na kukupindua kichwa chini mara tatu. Mwenye shinikizo la damu, tatizo la moyo, mgongo mbovu au mimba asiipande, hata kama foleni ni fupi na bendi inapiga. Big Thunder Mountain ni ya upole zaidi, nayo inapendeza sana: mlima wenyewe uko kisiwani katikati ya ziwa, na kigari kinapita chini ya maji kwenda na kurudi. Ningeanza na hiyo. Ukishuka na kizunguzungu hakuna bega la kuegemea, basi panga michezo mikali miwili au mitatu tu, uiachanishe, na usile chakula kizito kabla yake.

Baridi ya Julai ya Nairobi isikudanganye. Januari ya Paris ni kitu kingine, na foleni nyingi ziko nje. Vaa nguo za kupandishana, uwe na koti jepesi la mvua mwezi wowote ule.

Kuhusu njia, nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea. Kutoka katikati ya jiji unapanda RER A, treni ya kuunganisha jiji na vitongoji, kwa mfano Châtelet–Les Halles au Gare de Lyon, na kwa muda wa kama dakika 40 unafika kituo cha mwisho, Marne-la-Vallée–Chessy, hatua chache kutoka getini. Tatizo ni kwamba reli inagawanyika baada ya Vincennes. Tawi moja linakwenda Chessy, jingine Boissy-Saint-Léger. Mimi niliona tu "A", nikaingia, nikakaa. Nilipoona Nogent-sur-Marne, jina ambalo halikuwa kwenye orodha yangu, nikajua nimepotea. Nilishuka, nikarudi Vincennes, nikasubiri treni nyingine, na saa ya kwanza ya asubuhi, ile yenye foleni fupi, ikawa imeniponyoka. Kila jukwaa lina ubao unaoonyesha vituo ambavyo treni inayokuja itasimama. Usipande hadi uone taa ya Chessy.

Nauli siku hizi si mzigo: tangu Januari 2025 safari ya metro au RER ndani ya mkoa wa Paris ina bei moja, isipokuwa kwenda viwanja vya ndege. Nunua kadi ya Navigo Easy, uijaze safari mbili asubuhi hiyo hiyo, ili usiku usipange foleni kwenye mashine pamoja na wote wanaotoka bustanini. Ndani ya treni shika simu kama unavyoishika barabara ya Tom Mboya saa kumi na mbili jioni.

Begi liwe dogo, la zipu na la mkanda wa kifua, kwa sababu utapanda nalo michezo mingi. Getini litapitishwa kwenye mashine ya ukaguzi. Masanduku ya safari hayaingii, kwa hiyo usipange kwenda moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, isipokuwa uko tayari kulipia pa kuyaweka. Beba chupa ya maji ya plastiki, mabomba ya kunywea yapo ndani. Kula saa tano na nusu au saa tisa. Katikati ya hapo Wafaransa wote wako mezani, na kupata kiti cha mtu mmoja huku umeshika sinia ni kazi.

Upweke nao una faida yake. Baadhi ya michezo, kama Ratatouille na Crush's Coaster katika bustani ya pili, ina foleni ya watu walio peke yao, wanaojaza kiti kilichobaki wazi. Inakwenda mbio kuliko ya kawaida. Kabla ya kuuliza lolote, sema "bonjour" kwanza. Kule kuanza na swali bila salamu ni utovu wa adabu, na sisi tuliolelewa na "hujambo" na "shikamoo" hilo halitupi shida.

Mwisho ni mawasiliano. Mama alikuwa Ngara, nami nilikubaliana naye nimtumie ujumbe mara tatu: nikiingia, baada ya chakula, na nikifika hotelini. Ukipanga saa, kumbuka Paris iko nyuma yetu kwa saa moja kiangazi na saa mbili msimu wa baridi. Hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Mwachie mtu wa nyumbani jina la hoteli, nakala ya pasipoti na namba ya bima. Namba ya dharura kote Ulaya ni 112, nayo hupigwa bure.

Amua pia mapema kama utabaki hadi onyesho la usiku kwenye kasri. Ni zuri mno, ningekushauri ubaki, lakini angalia asubuhi saa ya treni ya mwisho na umwambie mtu wa nyumbani utapanda ipi. Mimi nilisimama pembeni upande wa kutokea, nikatazama taa na fataki hadi karibu mwisho, kisha nikatangulia umati. Nilipata kiti dirishani. Saa saba kasoro za Nairobi nikamwandikia mama, "Nimefika salama." Alikuwa bado macho.