Saa huhesabu mkono, siyo miguu

Daktari aliniambia nitembee nusu saa kila siku kwa ajili ya presha, na binti yangu alipopata habari akanitumia saa ya mkononi kutoka Dar. Mimi ni fundi cherehani hapa Ujiji. Siku ya kwanza sikutoka hata nje ya kibaraza, nilikuwa na sare za shule za kumalizia. Jioni saa ikatetemeka kunipongeza: hatua elfu nne na ushee. Elfu nne za wapi, na mimi nimekaa kwenye stuli tangu asubuhi?

Cherehani yangu ni ya kuzungusha kwa mkono, na saa nilikuwa nimeivaa mkono wa kulia, uleule unaozungusha gurudumu. Ndani ya saa kuna kifaa kinachohisi mtikisiko. Mkono ukienda na kurudi, chenyewe kinaandika hatua. Kukuna nazi au kufua kunaweza kukidanganya vilevile. Kwa hiyo ivae mkono usiofanya kazi sana, kisha ingia kwenye programu ya saa kwenye simu uieleze ni mkono upi. Wengi hawagusi hapo.

Kinyume chake kipo pia. Nilihamishia saa kushoto, nikaenda sokoni, nikarudi na beseni la mihogo kichwani huku mkono wa kushoto umelishika. Safari nzima ya kurudi saa iliona kama nimesimama. Ukiwa na mzigo, mwavuli au mtoto, shika kwa mkono usio na saa, huu mwingine uachie uning'inie na kupepea. Ikishindikana, simu yenye programu ya kuhesabu hatua ifunge kiunoni ndani ya khanga, maana kiuno hakidanganyi.

Ukitoka kwa mazoezi hasa, usiiache saa ikisie. Bonyeza sehemu ya mazoezi, chagua kutembea nje, halafu simama mahali peupe usubiri mpaka alama ya setilaiti itulie. Saa inahitaji kusikia angalau setilaiti 4 ndipo ijue ilipo. Mimi nilikuwa naanza kutembea papo hapo, na mita za mwanzo zinapotea. Angalia pia kama saa yako ina GPS yake yenyewe, yaani kile kifaa kinachosikia setilaiti. Kama haina, inaazima ya simu, basi simu usiiache nyumbani, na programu uiruhusu kusoma mahali ulipo. Hali ya kubana chaji izime, kwa sababu mara nyingi GPS ndiyo inayobanwa kwanza.

Hata hivyo, miti hukorofisha. Nikipita kwenye miembe ya pale kwenye mnara wa Livingstone, ramani yangu huchora mstari wa mlevi. Stanley alimkuta mzee wa watu hapahapa Ujiji mwaka 1871 bila setilaiti hata moja! Nikitaka kipimo safi, natembea barabara iliyo wazi.

Kipimo changu kilikuwa kinazidi kwa sababu nyingine tena: saa ilikuja na urefu wa sentimita 170, na mimi ni 156. GPS isipowashwa, saa hukisia hatua yako kutokana na urefu wako, ikazidisha kwa idadi ya hatua. Nilirekebisha urefu na uzito, halafu nikapima hatua yangu mwenyewe. Nilichora mstari mchangani kwa kijiti, nikatembea hatua 20 kwa mwendo wangu wa kila siku, nikachora wa pili. Futi yangu ya kushonea ina sentimita 150. Niliipanga mara nane, ikabaki sentimita 40. Mita 12.4 gawanya kwa 20, ni sentimita 62. Jirani alidhani napima kiwanja cha kuuza. Kama programu yako ina sehemu ya urefu wa hatua, iandike humo.

Mapigo ya moyo husomwa na ile taa ya kijani iliyo chini ya saa. Vaa juu kidogo ya mfupa wa kifundo, upana wa kidole kimoja, mkanda ukumbatie bila kuacha alama. Futa jasho na mafuta. Ukiwa na shaka, simama, weka vidole viwili shingoni, hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha mara mbili, linganisha. Kalori mimi sizisomi, hayo ni makadirio tu.

Mwezi uliopita, baada ya harusi ya mpwa wangu, saa iligoma kabisa kusoma mapigo. Nikabadilisha mkanda, nikaizima na kuiwasha, wapi! Kumbe ni piko: ua jeusi tititi lilikaa palepale taa inapomulika. Nikairudisha mkono wa kulia hadi piko lilipofifia, na kila nikikaa kwenye cherehani naivua, naitundika kwenye msumari wa mkasi.