Somo: Simu Inapokatika Waifai Nyumbani Ingawa Vituo vya Meshi Vyote Vinawaka

Malalamiko ninayoyasikia zaidi kuhusu waifai ya meshi, yaani vituo kadhaa vinavyorusha mtandao mmoja kwa pamoja, yanafanana sana. Mwenye nyumba amenunua vituo vitatu, taa zake zote zinaonyesha kwamba hali ni nzuri, kompyuta iliyounganishwa kwa waya haina tatizo, lakini simu za mkononi zinakwama: mazungumzo ya WhatsApp yanakatika mtu anapopanda ngazi, na alama ya waifai inaonekana imejaa huku hakuna ukurasa unaofunguka. Wengi wakifika hapo hufuta mipangilio yote na kuanza upya, na kwa kufanya hivyo hupoteza dalili ambazo zingewaonyesha chanzo. Somo hili linakwenda kwa utaratibu mwingine: kwanza tunajua tatizo liko upande gani, kisha tunabadilisha kitu kimoja tu na kukijaribu kabla ya kugusa kingine.

Mfano wangu ni nyumba ya ghorofa moja jijini Dar es Salaam, iliyojengwa kwa matofali ya saruji, yenye zege lenye nondo kati ya chini na juu. Faiba inaingia sebuleni, kituo kikuu kiko hapo hapo, cha pili kiko koridoni na cha tatu kiko chumba cha kulala cha juu.

Kabla ya kugusa chochote, ni lazima tuelewane kwamba simu yenyewe ndiyo inayoamua ishike kituo kipi. Vituo vinaweza kuishauri, lakini haviwezi kuihamisha bila ridhaa yake, isipokuwa kwa kuikata kabisa. Apple imeeleza kwamba iPhone huanza kutafuta kituo kingine pale nguvu ya mawimbi inaposhuka kupita −70 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi), na hata hapo huhama tu ikiwa kituo kipya kinakizidi cha zamani kwa desibeli 8 wakati inapokea au kutuma data, au desibeli 12 inapokuwa imetulia. Namba hizi ni hasi, kwa hiyo −50 ni nguvu kubwa kuliko −70. Mtu aliyepanda juu akiwa bado anapata −68 kutoka sebuleni ataendelea kushikilia kituo cha sebuleni, ingawa kingine kiko hatua nne kutoka kitandani kwake. Ukilielewa hilo, mengi yanayofuata yatajieleza yenyewe.

Hatua ya kwanza: tenganisha tatizo la intaneti na tatizo la waifai. Zima data ya simu, kwa sababu simu nyingi huhamia kimya kimya kwenye bando na kukuficha ukweli. Simama mita mbili au tatu kutoka kituo kikuu, ujaribu kurasa kadhaa. Kama hapo pia inakwama, unganisha kompyuta kwa waya moja kwa moja kwenye ruta ya mtoa huduma. Ikikwama vilevile, kosa haliko kwenye meshi na hakuna haja ya kuhamisha vituo. Jaribu pia simu mbili au tatu tofauti, kwa kuwa tatizo la simu moja hutibiwa kwenye simu hiyo. Angalia na anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha simu kwenye mtandao: kwenye iPhone, anwani inayoanza na 169.254 maana yake simu imeunganishwa na kituo lakini haikupewa anwani na ruta.

Hatua ya pili: hakikisha ruta inayogawa anwani ni moja tu. Ruta ya mtoa huduma mara nyingi huachwa ikirusha waifai yake, na wengine huipa jina na nenosiri lilelile la meshi wakidhani wanarahisisha mambo. Matokeo yake simu inaruka kati ya mitandao miwili yenye anwani tofauti, na kila inaporuka mazungumzo yanakatika. Zima waifai ya ruta hiyo. Kisha chagua mojawapo: ama ruta ya mtoa huduma iwekwe katika hali ya daraja (bridge mode), yaani ipitishe intaneti tu, ili meshi ndiyo igawe anwani, au meshi iwekwe katika hali ya kurusha waifai tu (access point mode) na kazi ya kugawa anwani ibaki kwa ruta. Kwa asiye na uzoefu napendelea njia ya pili, kwa sababu hali ya daraja wakati mwingine hudai jina la mtumiaji na nenosiri ambavyo mtoa huduma pekee anavyo.

Hatua ya tatu: mahali pa vituo. Hapa ndipo ninapoomba msomaji atumie muda mwingi kuliko kwingine kote. Kosa linalorudiwa ni kuweka kituo mahali ambapo waifai haifiki, kwa matumaini kwamba kitaileta. Kituo hakizalishi intaneti; kinarusha upya kile kilichopokea, na kikipokea kidogo kitarusha kidogo, ingawa simu iliyo karibu nacho itaonyesha alama iliyojaa. Hiyo ndiyo siri ya alama kamili na kurasa zisizofunguka. Katika nyumba ya mfano wetu, kituo cha juu kilitakiwa kiwe karibu na mdomo wa ngazi na si chumbani, kwa kuwa uwazi wa ngazi ndiyo njia pekee ambayo mawimbi hayalazimiki kupenya zege na nondo. Epuka pia kukiweka nyuma ya friji, karibu na tangi la maji au nyuma ya kioo cha kujitazamia, ambacho mgongo wake una tabaka la metali linalorudisha mawimbi. Wenye nyumba za mawe ya matumbawe, kama zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu, wanajua unene wa kuta zao, na kwao ukuta mmoja unaweza kutosha kudhoofisha bendi ya gigahezi 5, yaani mawimbi yenye kasi zaidi lakini yasiyofika mbali kama yale ya gigahezi 2.4.

Usikisie, pima. Kwenye Android kuna programu nyingi za kupima waifai, na kwenye iPhone unaweza kutumia AirPort Utility baada ya kuruhusu kipimaji chake katika mipangilio. Pale unapotaka kuweka kituo, nguvu ya mawimbi ya gigahezi 5 kutoka kituo kikuu iwe −65 dBm au bora zaidi. Vilevile kila kituo kiungane na kituo kikuu moja kwa moja inapowezekana, kwa sababu mnyororo wa kituo kinachopokea kutoka kituo kingine kwa redio ileile hupunguza kasi kwa takriban nusu katika kila mruko. Kama unaweza kupitisha waya kati ya vituo, pitisha: kebo ya mtandao ya Cat 5e hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100, na kuta hazimsumbui kama zinavyosumbua redio.

Hatua ya nne: chaneli, yaani njia za redio ndani ya kila bendi. Katika gigahezi 2.4 tumia chaneli 1, 6 au 11 yenye upana wa megahezi 20. Katika gigahezi 5, chaneli 52 hadi 144 hutumiwa pia na rada, na kifaa kikihisi rada kinalazimika kuiacha chaneli hiyo ndani ya sekunde 10. Kama simu zote hukatika kwa mpigo mmoja, hasa ukiwa karibu na uwanja wa ndege, hamia chaneli 36 hadi 48.

Hatua ya tano: simu yenyewe. Sasa ndipo uifanye simu isahau mtandao huo (Forget) na kuunganisha upya. Zima VPN na hali ya kuokoa betri wakati wa majaribio. Tangu Android 10 na iOS 14 simu hutumia anwani ya siri ya kifaa (MAC, si ile ya IP) badala ya ile halisi, kwa hiyo kama ruta yako imewekewa orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa, simu inaweza kukataliwa kama mgeni.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Tanga:* Mwalimu, nyumba yangu ni ya vyumba vitatu, haina ghorofa, na nina vituo vitatu. Simu ya mke wangu inang'ang'ania kituo cha mbali. Niongeze cha nne?

*Jibu:* Hapana, ndugu yangu; punguza. Vituo vikisongamana, kila kimoja husikika vizuri kila mahali, na simu haioni sababu ya kuhama. Zima cha katikati kwa siku mbili uangalie, au upunguze nguvu ya urushaji kama programu ya meshi yako inaruhusu.

*Mwanachama wa Mombasa:* Asalaam aleikum, mwalimu. Kila umeme ukikatika na kurudi, simu zinaunganika lakini hakuna intaneti mpaka nizime kila kitu.

*Jibu:* Waaleikum salaam. Vituo vyako huenda vinawaka kabla kisanduku cha faiba hakijawa tayari. Washa kwa mpangilio: kisanduku cha faiba, subiri taa zake zitulie, kisha ruta, kisha kituo kikuu, mwisho vidogo. UPS ndogo (betri ya akiba) ya kisanduku, ruta na kituo kikuu itakuondolea kazi hiyo, lakini soma kwanza volti na ampea zilizoandikwa kwenye adapta zako, kwa sababu si vifaa vyote hutumia volti 12.

*Mwanachama wa Nairobi:* Kamera yangu inakubali gigahezi 2.4 tu. Je, nitenganishe majina ya bendi?

*Jibu:* Kwa simu, acha jina moja, maana ukiyatenganisha simu iliyoshika gigahezi 5 itakatika kila unapofika mbali. Fungua mtandao wa wageni wa gigahezi 2.4 peke yake, uiweke kamera humo. Kama unahofia kwamba programu ya kamera inahitaji simu iwe kwenye mtandao uleule, iunganishe kamera kwanza, kisha ujaribu kuitazama kwa data ya simu. Ikifunguka, iache ilipo.